Picha za nyonga: eksirei, altrasaundi na vipimo vingine vinaonyesha nini, na lini usisubiri

Mtu akiambiwa hospitali "nenda kapige picha", maswali huanza kabla hajafika dirisha la malipo. Picha gani? Itaniumiza? Ina mionzi? Na karatasi ikitoka na neno "uvimbe", je, ndiyo saratani? Maswali ya namna hii hutufikia kila tunapozungumzia uzazi, ajali za bodaboda au tezi dume. Tumeyakusanya majibu hapa ili uyasome kwenye simu kwa wakati wako na umsomee mwenzako asiye na simu.

Jambo kubwa tunalotaka ubaki nalo ni hili: picha hujibu swali. Swali likiwa sahihi, picha inaokoa maisha. Swali likikosewa, picha inaweza kutoka safi kabisa huku ugonjwa ukiendelea, au ikaonyesha kitu kisicho na madhara na kukutia hofu ya bure.

Kwetu hili lina uzito wake. Mtu wa Kirando, Kasanga, Mtowisa au Ilemba hupanda kutoka ziwani au bondeni hadi Sumbawanga, na pengine ameuza mbuzi au magunia ya mahindi apate nauli na fedha ya kipimo. Ni vizuri ajue ni safari gani inaweza kusubiri hadi mavuno na ni ipi haiwezi kusubiri hadi asubuhi.

NYONGA NI SEHEMU GANI?

Nyonga ni sehemu iliyo kati ya kiuno na mapaja. Mifupa yake imeungana kama pete: upande wa kulia, upande wa kushoto, na nyuma mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Mifupa hii kwa pamoja huitwa fupanyonga. Kila upande kuna shimo ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka, na ndicho kiungo tunachokitumia kutembea, kuchuchumaa na kupanda mlima.

Ndani ya pete hiyo kuna viungo laini. Kila mtu ana kibofu cha mkojo na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mwanamke ana kizazi, mirija ya uzazi na ovari mbili zinazotoa mayai. Mwanaume ana tezi dume, iliyokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo.

Kwa hiyo maumivu ya "nyonga" yanaweza kutoka kwenye mfupa, kizazi, kibofu au utumbo. Ndiyo maana daktari anapaswa kukusikiliza na kukupima kwa mikono kabla ya kuandika karatasi ya picha.

VIPIMO VINNE NA KAZI YA KILA KIMOJA

Eksirei. Hii ni picha ya mionzi inayoonyesha mifupa vizuri. Mfupa huzuia mionzi na kuonekana mweupe, nyama huipitisha na kuonekana ya kijivu. Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen Novemba 1895. Daktari Adrian Atiman, aliyetibu watu wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa amefika Karema mwaka 1889, yaani miaka 6 kabla dunia haijajua eksirei. Siku hizo mfupa uliovunjika ulijulikana kwa macho, mikono na kilio cha mgonjwa tu. Hata hivyo eksirei ya kawaida haionyeshi kizazi, ovari wala tezi dume kwa namna ya kusaidia.

Altrasaundi. Hii haitumii mionzi. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mtaalamu hupaka jeli ya baridi tumboni na kupitisha kifaa kidogo. Sauti huingia, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa kizazi, ovari, mimba, kibofu na tezi dume.

Matumizi yake kwa magonjwa ya wanawake yalisambaa baada ya daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uingereza, kuchapisha kazi yao mwaka 1958. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Altrasaundi ilionyesha kuwa tumbo limejazwa na uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Ulitolewa, akapona.

Siti skani. Ni eksirei inayozunguka mwili na kuupiga vipande vyembamba kama mkate uliokatwa. Hutumika kwa ajali kubwa, mivunjiko migumu ya nyonga, na kuangalia saratani imefika wapi. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa.

MRI. Hutumia sumaku yenye nguvu sana, bila mionzi. Huonyesha vizuri nyama laini, gegedu na mfupa unaoanza kukosa damu. Ni ghali, huchukua muda mrefu, na ipo katika hospitali chache kubwa. Mwenye chuma mwilini au betri ya moyo lazima aseme kabla ya kuingia chumbani.

MIONZI: HOFU IPI NI YA KWELI?

Altrasaundi na MRI hazina mionzi. Eksirei na siti skani zinayo. Sote hupata mionzi kidogo kila siku kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Picha moja ya eksirei ya nyonga hutoa kiasi kinachokaribia kile tunachopata kwa miezi michache ya maisha ya kawaida. Siti skani ya tumbo na nyonga inaweza kufikia kiasi cha miaka kadhaa. Faida huwa kubwa kuliko hatari pale kipimo kinapohitajika kweli, lakini hakipigwi kwa kujifurahisha wala kurudiwa kwa sababu filamu ya kwanza ilisahaulika nyumbani.

Mjamzito ndiye anayehitaji tahadhari zaidi. Zamani nchi nyingi zilipima njia ya uzazi ya mama mjamzito kwa eksirei. Kisha daktari Alice Stewart wa Uingereza, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1956 na 1958, alionyesha kuwa watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani zaidi kuliko wenzao. Ndiyo maana mwanamke huulizwa siku yake ya mwisho ya hedhi. Swali hilo si udaku, na kama una shaka kuhusu mimba, sema hata usipoulizwa.

Hapa nchini, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo inayotoa leseni na kukagua mashine za mionzi. Chumba cha eksirei kinapaswa kuwa na alama ya mionzi mlangoni, na asiyehusika hubaki nje.

KWA WANAWAKE: YANAYOONEKANA MARA NYINGI

Mimba iliyotunga nje ya kizazi. Tunaianza hii kwa sababu ndiyo inayoua haraka. Hutokea katika mimba 1 hadi 2 kati ya 100. Yai lililorutubishwa hukwama, mara nyingi kwenye mrija, na linapokua mrija hupasuka na damu kumwagika ndani ya tumbo. Kwa nje mwanamke anaweza kutoa damu kidogo tu, au asitoe kabisa.

Dalili zake ni kukosa hedhi, maumivu ya tumbo la chini hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, na wakati mwingine maumivu juu ya bega. Kipimo cha mkojo kinasema ana mimba, lakini altrasaundi inakuta kizazi kitupu na pengine maji au damu pembeni. Mama akiwa amepauka, anatoka jasho la baridi na anazimia, anahitaji upasuaji mara moja. Hapo familia isikae kikao kuamua nani atoe nauli.

Kondo la nyuma lililotangulia. Kondo likikaa juu ya mlango wa kizazi, mama anaweza kutoka damu nyingi miezi ya mwisho, mara nyingi bila maumivu. Altrasaundi huligundua mapema. Ukiambiwa mwezi wa tano kuwa kondo liko chini, usikate tamaa, maana mara nyingi husogea juu kizazi kinapokua. Unatakiwa kurudia kipimo, na likibaki hapohapo, ujifungulie hospitali yenye upasuaji na damu. Si zahanati, na si nyumbani kwa mkunga wa jadi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Husaidia kujua umri wa mimba, kama ni pacha, na kama kuna kasoro. Kujua ni mvulana au msichana si sababu ya kipimo.

Faibroidi. Ni uvimbe wa misuli ya kizazi. Karibu zote si saratani. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa wanawake zaidi ya 80 kati ya 100 wenye asili ya Afrika huwa nazo wanapofika miaka 50. Wengi wao hawajui, kwa sababu haziwasumbui.

Kwa hiyo neno "faibroidi" kwenye karatasi bado halijasema utibiwe nini. Maswali ni: Unatoka damu nyingi hadi unapungukiwa damu? Mkojo unakubana kila mara? Mimba zinaharibika? Kama jibu ni hapana, daktari anaweza kukushauri kufuatilia tu. Kama ni ndiyo, kuna dawa za kupunguza damu na kuna upasuaji. Jihadhari na wauza dawa za "kuyeyusha uvimbe" na "kusafisha kizazi" minadani na kwenye makundi ya simu. Hakuna dawa hata moja ya aina hiyo iliyothibitishwa kuyeyusha faibroidi.

Uvimbe wa maji kwenye ovari. Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko kidogo chenye yai. Wakati mwingine kifuko hicho hubaki na maji. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, kifuko chembamba chenye maji matupu na chini ya sentimita 5 mara nyingi huisha chenyewe ndani ya miezi 2 hadi 3. Kinachomtia daktari wasiwasi ni uvimbe mkubwa, wenye vinyama ndani, au unaoonekana kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika yanaweza kumaanisha ovari imejisokota, na hiyo ni dharura.

Mirija iliyoziba. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa vizuri huacha makovu kwenye mirija. Altrasaundi ya kawaida mara nyingi haioni mrija ulioziba, isipokuwa umejaa maji. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto kuna eksirei maalumu ambayo dawa hupitishwa kwenye shingo ya kizazi na kufuatwa kama inapita mirijani. Lakini kabla ya hapo mume naye apimwe mbegu. Kipimo chake ni rahisi na hakina maumivu, na si haki mke azunguke hospitali miaka 5 huku mume hajapimwa mara moja.

ALTRASAUNDI SAFI SI CHETI CHA SHINGO YA KIZAZI

Hili tunalirudia redioni mara nyingi, na tunaliandika peke yake hapa. Saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata na kuwaua wanawake wengi zaidi Tanzania. Dalili zake za awali hazionekani kwenye altrasaundi. Mwanamke anaweza kulipia picha, akaambiwa "kizazi kiko sawa", akarudi nyumbani akiwa ametulia, huku mabadiliko yanaendelea kwenye shingo ya kizazi.

Kipimo chake ni kingine. Mhudumu huiangalia shingo ya kizazi kwa macho baada ya kuipaka siki maalumu, au huchukua majimaji ya kupima kirusi cha HPV. Cha siki huchukua dakika chache na hakihitaji mashine kubwa. Uliza kliniki ya uzazi iliyo karibu nawe. Mabinti nao wapate chanjo ya HPV, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14.

Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekoma hedhi kisha akaona damu tena, asiridhike na altrasaundi peke yake. Anatakiwa kuangaliwa shingo ya kizazi siku hiyohiyo.

KWA WANAUME: TEZI DUME NA KIBOFU

Kijana huwa na tezi dume ya takriban gramu 20. Kwa wengi hukua umri unapokwenda. Inapobana mrija, mzee huamka usiku mara nyingi, mkojo hutoka kwa kusitasita, na kibofu hakiishi.

Altrasaundi hupima ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Tezi kubwa yaweza isimsumbue mwenyewe, na ndogo ikambana sana. Tena ukubwa haumaanishi saratani, na tezi ndogo haimaanishi kuwa saratani haipo. Saratani hutafutwa kwa kipimo cha damu, kwa daktari kuigusa tezi kwa kidole, na ikibidi kwa kuchukua kinyama. Wazee wengi hukwepa kidole wakaomba picha badala yake. Picha haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Saratani ya tezi dume ikisambaa, hupenda mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Mzee mwenye maumivu ya kiuno yasiyopoa hata usiku, hasa miguu ikianza kufa ganzi, apelekwe hospitali badala ya kukandwa.

Mkojo wenye damu, kwa mtoto au mtu mzima, uchunguzwe. Kichocho cha mkojo hutokana na maji ya mabwawa, mito na mifereji yenye konokono. Kipimo chake cha kwanza ni mkojo wenyewe. Altrasaundi huja baadaye kuangalia kama ukuta wa kibofu umenenepa au figo zimejaa maji.

MIFUPA: AJALI, WAZEE NA WATOTO

Ajali. Fupanyonga ni pete, na pete ngumu ikivunjika mara nyingi hukatika sehemu mbili. Hatari ya kwanza ni damu inayovuja ndani bila kuonekana. Mtu aliyegongwa au kuanguka na pikipiki akilalamika nyonga, usimwambie ajaribu kutembea, usimgeuzegeuze, na usimpakate katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Mlaze chali. Chukua shuka au kitenge, mfunge kwa kubana kuzunguka nyonga, usawa wa mifupa inayochomoza pembeni juu ya mapaja, si kiunoni. Funga na magoti yake pamoja. Msafirishe akiwa amelala.

Hospitali itapiga eksirei kwanza, na siti skani ikihitajika. Mivunjiko mikubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Wazee. Bibi au babu akianguka na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, shingo ya mfupa wa paja huenda imevunjika. Kumkanda kwa maji ya moto humwongezea maumivu, na kumwacha kitandani kwa wiki nyingi huleta vidonda na homa ya mapafu. Apigwe eksirei.

Wenye selimundu. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu, kikafa taratibu na kubonyea. Mwanzoni eksirei huonekana ya kawaida, wakati MRI tayari inaona tatizo. Kijana mwenye selimundu anayechechemea kwa wiki kadhaa asirudishwe nyumbani kwa sababu tu filamu ya kwanza ilikuwa safi.

Watoto. Jina Sumbawanga hutafsiriwa "tupa uchawi", na bado mtoto anayechechemea huanza kwa kutafutiwa aliyemroga. Sababu zinajulikana: kiungo kilichopata usaha, kifua kikuu cha nyonga, mfupa uliokosa damu, au nyonga iliyozaliwa nje ya shimo lake. Kifua kikuu hutibiwa bure Tanzania. Mtoto mwenye homa ambaye hataki kabisa kukanyaga afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu usaha huharibu gegedu ndani ya siku chache.

Kwa mtoto mchanga chini ya miezi 4 altrasaundi ni bora kuliko eksirei, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu. Na hapa mama zetu wana sifa yao. Mwaka 2015 madaktari wa mifupa waliofanya kazi kwa jirani zetu Malawi waliandika kuwa nyonga ya kuzaliwa iliyotoka mahali pake ni adimu sana huko, wakaihusisha hali hiyo na kubeba watoto mgongoni. Mbeleko humtanua mtoto mapaja na kukikalisha kichwa cha mfupa ndani ya shimo lake. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooka na kubanana ndiko kunakoongeza hatari.

JINSI YA KUJIANDAA

Kwa altrasaundi ya tumbo la chini, kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla, na usikojoe. Kibofu kilichojaa hufungua njia ya kuona kizazi na tezi dume. Ukitoka mbali, nunua maji ukifika, si ukiwa ndani ya basi.

Kuna altrasaundi ya ndani, ambayo kifaa chembamba kilichovishwa kondomu huingizwa ukeni. Huonyesha mimba changa na ovari vizuri zaidi, na kibofu huwa kitupu. Haiharibu mimba. Haifanywi kwa msichana ambaye hajaanza tendo la ndoa. Unapaswa kuelezwa kwanza na kukubali, na una haki ya kuomba mwenzako au muuguzi wa kike awepo. Ukikataa, bado utapata kipimo cha juu ya tumbo.

Kwa eksirei, vua shanga za kiunoni, hirizi, mkanda, na utoe simu na sarafu mfukoni. Vyote hutokea kwenye picha na vinaweza kuficha mvunjiko.

Beba filamu na karatasi zako za zamani, kadi ya kliniki, na tarehe ya hedhi ya mwisho.

Kuhusu fedha, sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na uwezo. Mwenye bima aulize mapema kama kipimo chake kimo. Na kabla ya kupanda gari, piga simu kituo chako kuuliza kama mashine inafanya kazi na mtaalamu yupo siku hiyo.

KARATASI YA MAJIBU

Majibu mengi huandikwa kwa Kiingereza na kwa maneno ya kitaalamu. Usiishie kwa kijana wa duka la dawa. Rudi kwa daktari aliyekutuma na umuulize maswali haya matano:

1. Picha imejibu swali ulilokuwa nalo?
2. Kilichoonekana ndicho kinacholeta dalili zangu, au kimeonekana kwa bahati tu?
3. Ni cha kutibu sasa, cha kufuatilia, au cha kuacha?
4. Kama ni kufuatilia, nirudi baada ya miezi mingapi?
5. Dalili gani zikitokea nisisubiri hiyo tarehe?

Na kama picha ni safi lakini bado unaumwa, sema hivyo. Picha safi huondoa baadhi ya magonjwa tu, na wewe ndiye unayejua kama maumivu yameisha.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Nenda kituo cha afya sasa hivi, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu makali ya tumbo la chini kwa mwanamke aliyekosa hedhi, hasa akiona kizunguzungu au kuzimia.
- Mjamzito anayetoka damu, nyingi au kidogo.
- Kushindwa kabisa kukojoa huku kibofu kimejaa.
- Ajali yenye maumivu ya nyonga, au damu kwenye tundu la mkojo.
- Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama.
- Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga.
- Miguu kufa ganzi ghafla au kushindwa kuzuia haja.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, upangiwe usafiri wa dharura. Kwa maswali ya afya kwa Wizara, piga 199, nayo ni bure. Andika namba hizi ukutani, kwa sababu siku ya shida simu yenye majina yote inaweza kuwa imezima chaji.